Neno Nililomwandikia Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza daftari. Nililinunua kwa ajili ya maneno ya Kiingereza tu, lakini kuandika maneno matupu ni kama kuhesabu mashuka, kwa hiyo nitaandika na siku zenyewe.

Daftari, nijue: nina miaka ishirini, shule niliachia kidato cha pili, Kiingereza najifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada. Nakunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali. Naishi kwa Dada na mumewe, na huyo mumewe ndiye fundi wa mashine pale pale kiwandani. Yaani Shemeji namwona asubuhi akipiga mswaki, mchana namwona chini ya mashine, jioni namwona mezani. Mdomo ni ule ule mahali pote.

Njia yangu ya kujifunza ni hii: kila neno nampa mtu. Neno lisilo na mtu linanitoroka. Leo nimepata "cocky", mtu anayejiamini mpaka anakera. Sikutafuta mbali. Leo Shemeji kasema mbele ya watu wote, "Hizi mashine zikiniona tu zinapona, zinaona aibu." Cocky! Limekaa kama limeshonwa kwa vipimo vyake.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nje hakuna kinachokauka, mashuka yote yanapita kwenye vikaushio vitatu. Vidole vinanuka sabuni hata nikila.

Ijumaa, 8 Machi

Leo niandike jinsi tunavyofanya kazi, maana napenda.

Kila mashine ina swichi kubwa ukutani. Kabla hujaingiza mkono ndani ya mashine, unashusha swichi, unatundika kufuli lako kwenye tundu lake, ufunguo unatia mfukoni mwako. Kufuli likining'inia hakuna wa kuwasha. Na hakuna wa kulitoa ila mwenyewe.

Hiyo ndiyo sheria ya ukutani. Ila sisi tuko kumi na mmoja na makufuli yamebaki manne. Kwa hiyo tuna yetu. Kama huna kufuli, unamgusa bega mwenye kufuli, unamwambia, "Niko kwako." Anakujibu, "Uko kwangu." Ukitoka unamwambia, "Nimetoka." Na yeye kabla ya kuwasha anapiga kelele mara tatu, "Nawasha!"

Shemeji anaita mara tatu hata kama chumba ni kitupu. Leo kanigeukia, mimi niko mezani, mbali kabisa.

"Profesa, uko kwangu?"

"Niko mezani, Shemeji. Huoni?"

"Nauliza tu. Usije ukazunguka na foronya, nikamwambia nini dada yako?"

Mama Mapacha akacheka mpaka akaacha kukunja. Huyu ndiye jirani yangu wa meza, mama wa watu wazima watatu na mapacha wawili wa darasa la pili ambao habari zao haziishi. Ameniuliza, "Na mimi neno langu lipi?" Nikamwambia bado natafuta. "Tafuta zuri," akasema, "si kama la shemejio."

Alhamisi, 14 Machi

Meneja kaniita ofisini! Ilikuja barua kutoka makao makuu, Kiingereza kirefu, yeye kakwama katikati. Nimemsomea yote, nimekwama maneno mawili tu. Kaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. "Binti, mvua zikiisha tutahitaji karani hapa." Kiti cha karani kinazunguka. Nimekijaribu alipotoka, kinazunguka kweli.

Msimamizi wetu, mpole yule anayesema "tafadhali" hata akikukemea, kanipongeza mlangoni. Yeye bado sijampa neno. Wapole ni wagumu.

Jumanne, 19 Machi

Ugomvi mezani. Shemeji kataka nimsomee neno lake. Nikasoma: cocky. Na jingine nililoongeza juzi: "brash", mwenye makeke, anayejitokeza kwa kelele bila adabu. Akacheka, akapiga meza.

"Mke wangu, umesikia? Nina maneno mawili. Wewe unalo?"

Dada hakucheka. Kaniuliza pole pole, "Na mtu anayewapachika wenzake maneno bila kuwauliza, yeye kamusi inamwitaje?"

Nikasema bado sijafika ukurasa huo. Ilikuwa mzaha. Sasa naona haukuwa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Mashuka. Neno la wiki: "reckless". Nalipenda mlio wake, linapiga kama mlango unaofungwa kwa nguvu. Maana nimesoma harakaharaka: mtu wa pupa, asiyejali.

Alhamisi, 28 Machi

Mkono wa Mama Mapacha.

Naanza tena. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, tunasemezana kwa ishara kama mabubu. Saa nane mchana kikaushio namba tatu kikazima. Gari la hospitali lilikuwa getini linasubiri mashuka ya chumba cha upasuaji. Shemeji akashusha swichi, akatundika kufuli lake, akalala chini mbele ya mashine. Msimamizi akamsimamia kichwani.

"Fundi, bado?"

"Bado."

"Tafadhali, Fundi, gari linasubiri."

"Nimesikia, mzee."

"Fundi, wamepiga simu tena."

Hivyo, hivyo, kama mara nane, ananyanyua sauti kuishinda mvua. Shemeji akainuka, akafungua kufuli, akaita, "Nawasha!" mara moja, akapandisha swichi.

Kikaushio kikazunguka. Halafu kikatoa sauti isiyo yake. Mama Mapacha alikuwa nyuma, anasugua vumbi la nyuzi kwenye mkanda kwa brashi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jamani," kama mtu aliyekanyagwa. Shemeji ndiye aliyepiga kelele. Alishusha swichi, akakata mkanda kwa kisu, akamtoa, akamfunga mkono kwa shuka safi, na muda wote anasema, "Mama, uko kwangu, uko kwangu, uko kwangu."

Wamempeleka na lile gari la hospitali. Mashuka yalikwenda naye.

Ijumaa, 29 Machi

Mfupa umevunjika mara mbili, na vidole viwili hawajui. Meneja kaniita saa nne. "Uliona?" Niliona. "Andika kwa Kiingereza. Makao makuu wanayataka maelezo kabla ya saa sita, na wa kuandika ni wewe."

Niliandika kwa dakika ishirini. Karatasi nzima! Niliandika kwamba fundi ni mtu cocky, kila mtu anajua, na kwamba aliwasha mashine kwa namna ya reckless. Meneja akasoma, akasema Kiingereza kimenyooka. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimefurahi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwenzangu kalazwa na mimi nimefurahi.

Jumatano, 3 Aprili

Shemeji haongei. Anakwenda hospitali kila jioni, anakaa kwenye benchi la nje, haingii. Mvua haijakatika.

Ijumaa, 5 Aprili

Meza ni pana bila Mama Mapacha.

Jumatano, 10 Aprili

Barua imefika. Meneja kanifungia nayo ofisini, akamwita na Shemeji. "Msomee," akaniambia, "kwa Kiswahili, asiseme hakuelewa."

Nikasoma nimesimama. Kwamba amesimamishwa kazi tangu leo. Kwamba tarehe ishirini na nne kutakuwa na kikao, atakuja mkaguzi, na inapendekezwa afukuzwe na cheti chake cha ufundi kifutwe, asishike mashine popote tena. Sababu: shahidi aliyekuwepo amethibitisha kwamba alikuwa...

Nikarudi mwanzo wa mstari.

"Endelea," Meneja akasema.

"Reckless."

"Ndiyo nini hiyo?" Shemeji akauliza. Kashika kofia yake kwa mikono miwili.

Neno nililolijua wiki mbili likanikwama. "Ni mtu... wa pupa. Hajali."

"Hajali." Akalirudia kama anaonja kitu kilichochacha. "Nani kasema sijali?"

"Shahidi," Meneja akasema.

Shemeji akaniangalia. Kiwanda kizima anayejua Kiingereza ni mmoja. Nikaona linavyomfikia, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye shuka. Akaweka kofia, akatoka mvuani bila koti.

Alhamisi, 11 Aprili

Dada ameniwekea chakula. Hakusema karibu.

Nimefungua kamusi na safari hii nimesoma mistari yote, na mifano yake, na maneno jirani. Niliyafikiria kama mashuka, yote meupe, chukua lolote. Siyo. "Hasty" ni aliyefanya jambo upesi kuliko linavyotaka. "Rash" ni aliyekurupuka, hakupima jambo litaangukia wapi. "Impetuous" ni anayesukumwa na moyo, moyo ukiwaka naye kashaondoka. "Reckless" peke yake ndilo lenye mtu aliyeiona hatari, akaikodolea macho, akaona si kitu. Kwa Kiingereza hilo karibu ni kosa la jinai. Na cocky ni mdomo tu. Mdomo! Mtu anaweza kuwa na mdomo wa hivyo na mikono yenye uangalifu kuliko yangu.

Nililiona neno kubwa nikalibeba.

Jumamosi, 13 Aprili

Kuna kitu sikuandika tarehe ishirini na nane.

Nilimwona Mama Mapacha akipita nyuma ya mashine na brashi. Alinipungia. Halafu nikainama chini ya meza kuandika "reckless" kwenye kikaratasi, herufi nzuri nzuri, na nikapigia mstari. Nilipoinua kichwa Shemeji alikuwa tayari kashika swichi. Ningeweza kupiga kelele. Sikukumbuka. Na Mama Mapacha nilikuwa nimemwona!

Kwenye maelezo yangu hilo halipo.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kumwona Mama Mapacha. Mkono uko ndani ya plasta mpaka begani, vidole viwili havina rangi. Mapacha walikuwa kitandani kwake wanagombania mto.

Nimemwambia yote. Barua, neno, kikaratasi. Nilidhani atanifukuza. Akawatuma mapacha nje wakahesabu madirisha.

"Nilimgusa bega," akasema. "Nikamwambia niko kwako. Mvua ile, sijui alisikia, maana Msimamizi naye alikuwa anampigia kelele sikio la pili. Sikusubiri anijibu. Miaka tisa nasubiri jibu, siku hiyo sikusubiri."

"Kwa hiyo nikawaambie si kosa lake?"

"Nani kakwambia si kosa lake? Alizoea kuita mara tatu, kaita mara moja. Huu mkono ni wangu, mwanangu, si wa kamusi." Akavuta pumzi. "Jana niliwaambia wamwite pale kwenye benchi. Alilia mpaka nesi akaja. Mtu asiyejali halii hivyo. Lakini usiende ukamfanya malaika eti kwa sababu wewe unaona vibaya. Ulizidisha. Sasa usipunguze. Sema kilichotokea, basi."

Nikitoka akaniita tena. "Na neno langu?"

Nikasema sitoi maneno tena.

Jumanne, 16 Aprili

Shemeji katengeneza mlango, katengeneza bomba, katengeneza redio ya jirani. Hana kazi na hawezi kukaa. Hanitanii. Sikujua kwamba nyumba hii kelele zake zote zilikuwa za mtu mmoja.

Nimemwomba msamaha akiwa kwenye ngazi anaziba paa. Aligonga hadi msumari ukaingia wote. Kisha, "Shemeji, hebu nipe ule mwingine." Nikampa msumari. Ndiyo hayo tu.

Ijumaa, 19 Aprili

Dada kaingia chumbani kwangu mchana, mara ya kwanza tangu barua. Kanitupia kitabu kitandani, kidogo, kina madoa ya grisi.

"Wewe msomaji. Soma na hiki."

Ni kitabu chake cha kazi, Shemeji, anachotembea nacho kwenye ovaroli. Mwandiko kama wa kuku. Mikanda, feni, tarehe za grisi. Halafu mwezi wa kumi na moja: *Makufuli yamebaki 5. Watu 11. Nimemwomba Meneja.* Mwezi wa kwanza: *Makufuli 4. Nimeomba tena. Ameandika.* Mwezi wa pili, tarehe ishirini na sita, kabla ya mvua: *Makufuli bado. Mvua zinakuja, kazi itazidi, watu watapanga foleni kwenye kufuli moja. Nimeomba mara ya tatu. Naogopa.*

Naogopa. Yule yule ambaye mashine zinamwonea aibu.

Nimekaa nacho mapajani mpaka Dada akarudi kukichukua. "Alinikataza nisikuonyeshe," akasema. "Anaona haya. Eti fundi gani anaandika naogopa."

"Kikaoni lazima wakione."

"Basi kaa nacho, nenda ukawasomee. Wewe si ndiye mwenye sauti?"

Jumatatu, 22 Aprili

Meneja kaniita. Karani atahitajika wiki ijayo. Kikaoni, kasema, nitathibitisha tu maelezo yangu, ndiyo au siyo, dakika mbili. Kiti kilikuwa pale pale. Sikukaa.

Jumatano, 24 Aprili

Kikao.

Mkaguzi ni mama wa makamo, miwani, viatu vimejaa matope ya getini kwetu. Meneja, Msimamizi, Shemeji kavaa shati la harusi. Mimi mlangoni. Mkaguzi akainua karatasi yangu, ile ile, akasema kwa Kiswahili kisafi kabisa, "Binti, haya ni maneno yako?"

Nilishtuka. "Unajua Kiswahili?"

"Nimezaliwa nacho."

"Mimi niliambiwa makao makuu mnasoma Kiingereza tu."

"Ripoti ndiyo ya Kiingereza. Shahidi anaandika kwa lugha anayoiweza, tunatafsiri sisi. Hukuambiwa?"

Meneja akakohoa. Nikasema, "Sikuambiwa. Lakini hata ningeambiwa ningeandika Kiingereza. Nilitaka muone kwamba nakijua."

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea maana nikisimama nisingeanza tena.

"Niliandika reckless. Nilichukua neno ambalo sikuwa nimelisoma mpaka mwisho. Fundi hakuwa hivyo. Siku zote anaita mara tatu, siku hiyo aliita mara moja. Alifanya upesi jambo ambalo halitaki upesi. Neno lake ni hasty, na silisemi kama neno dogo, kwa sababu mkono wa mtu umevunjika ndani yake. Aliharakishwa, akakubali kuharakishwa."

Msimamizi akasema chini chini, "Gari lilikuwa linasubiri." Aliangalia viganja vyake.

"Na niliandika cocky. Hiyo ni tabia ya mdomo wake nyumbani. Haikuwa imeshika swichi." Nikaona bega la Shemeji limetikisika. "Na kuna jambo niliacha. Nilimwona mama akiingia nyuma. Nilikuwa naandika neno, nikasahau kumpigia fundi kelele."

Mkaguzi kaacha kalamu. "Na wewe ungejiandikia neno gani?"

"Rash. Nilirusha neno bila kuangalia nani amesimama mbele."

Nikaweka kitabu chenye grisi mezani. Shemeji akanyanyuka, "Hapana, Shemeji, hicho..." Mkaguzi kakivuta. Kasoma mwezi wa kumi na moja. Kasoma mwezi wa kwanza. Kwa ule wa pili kavua miwani, kaisafisha, kasoma tena. Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo sote tulisikia ukurasa ukigeuzwa.

"Mtu asiyejali," nikasema, "haombi mara tatu."

"Meneja," mkaguzi akasema, "maombi haya uliyapokea?"

Meneja akasema atalazimika kuangalia faili. Mkaguzi akasema vizuri, tutaangalia wote, sasa hivi. Sisi tukaambiwa tutoke.

Nje, chini ya upenu, Shemeji kakaa muda mrefu anafungua na kufunga kifungo cha shati.

"Hasty," akasema. Kalitamka vibaya. "Linauma vizuri. Lile la kwanza nilikuwa silali, nalitafuta ndani yangu, nasema labda lipo."

Nilisimama naye tu.

Ijumaa, 3 Mei

Majibu. Shemeji anarudi kazini na barua ya onyo, na kwa miezi sita hatawasha mashine bila fundi wa pili kusimama naye. Cheti kimebaki. Meneja ameitwa makao makuu, hatujui. Mimi nimeambiwa karani atatafutwa kwingine, mtu wa kuaminika na maandishi. Nilirudi kwenye meza yangu. Niliona ni haki.

Alhamisi, 9 Mei

Leo Dada amesema karibu.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Mashuka nje kwa mara ya kwanza, uwanja mzima mweupe.

Makufuli yamefika, kumi na mawili, kila moja rangi yake. Langu jekundu. Na Mama Mapacha amerudi. Vidole viwili havikunji, kukunja mashuka basi. Mkaguzi ameandika apewe kazi ya ubao: makufuli yote yanatundikwa pale, yeye ndiye anayetoa na kupokea, na mashine haiwashwi mpaka aseme. Kapewa kiti. Hakizunguki.

Saa tano kikaushio namba tatu kilitaka kusafishwa mkanda. Nilijitolea. Nilitundika kufuli langu jekundu juu ya la Shemeji la kijivu, nikaingia nyuma na brashi. Mkanda ni mpya, unanuka mpira. Nilisugua mpaka mwisho, nikatoka, nikatoa kufuli langu, nikamkabidhi Mama Mapacha.

Shemeji akatoa lake. Fundi wa pili kando yake. Gari la hospitali lilikuwa getini, na lilipiga honi.

"Nawasha!"

Mama Mapacha kashuka kwenye kiti chake. Kaanza kugusa makufuli ubaoni kwa kidole kimoja cha mkono mzima, moja, moja, anataja mwenyewe wa kila rangi kwa sauti, na kila aliyetajwa anaitika mahali alipo.

"Nawasha!"

Kafika jekundu. Kanitaja. Nikaitika. Akanigeukia, akaniangalia mpaka akahakikisha kwamba ni mimi na kwamba niko nje, mzima, mikono miwili.

Honi ikapigwa tena, ndefu. Msimamizi alikuwa mlangoni na mikono nyuma, na midomo imefungwa.

Hakuna aliyemharakisha Mama Mapacha.